Land Rover ya turubai inauzwa: mkulima ananunua kazi au sifa?

MAVUNO ya mahindi yanapokwisha na magunia kugeuka fedha, matangazo ya vitu vinavyouzwa huanza kuzunguka Handeni na Korogwe. Kuna shamba, kuna ng'ombe, kuna pikipiki na mashine ya kukoboa. Na mara chache huja tangazo linalowafanya watu wazima wasimame na kuulizana bei: Land Rover ya zamani, ya turubai, iliyotunzwa vizuri, inauzwa.

Tatizo liko katika hayo maneno "iliyotunzwa vizuri". Kwa mwenye gari yanamaanisha kwamba bei ipande. Kwa mkulima mwenye fedha za msimu mmoja mkononi yanamaanisha kwamba gari litafanya kazi. Hizo ni thamani mbili tofauti. Anayezichanganya anaweza kuufikia msimu unaofuata akiwa na gari zuri uani, lakini hana fedha ya mbegu, ya mbolea wala ya vibarua wa palizi.

Gari la wazi lililobuniwa kwa shamba

Waingereza wana sifa ya muda mrefu ya kutengeneza magari madogo ya wazi ya mbio na starehe: MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar, ambayo paa lake hukunjwa ili dereva apate upepo. Gari la MGB, kwa mfano, lilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Lakini kwa barabara za Afrika Mashariki za wakati huo, magari hayo yalikuwa chini mno. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalileta washindi wa jumla waliotumia Volkswagen, Ford, Mercedes-Benz, Peugeot na Datsun. Hakuna gari dogo la wazi la Kiingereza lililowahi kuondoka na ushindi huo.

Gari la wazi la Kiingereza lililokubaliwa na barabara za huku lilikuwa jingine kabisa. Maurice Wilks, aliyeongoza uhandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales, na alilihudumia kwa jeep la Kimarekani lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Akaona kwamba kampuni yake inaweza kumtengenezea mkulima gari la namna hiyo.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Paa lilikuwa la turubai, kioo cha mbele kiliweza kulazwa juu ya boneti, na gari liliweza kufungiwa shafti ya kutoa nguvu ya injini ili kuendesha mashine za shamba. Lilikuwa nusu gari, nusu trekta.

Toleo hilo la kwanza lilifuatiwa na Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndiyo iliyobeba watu na mizigo mingi zaidi. Jina la Defender lilianza kutumika 1990, na gari la umbo hilo la zamani lilikoma kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Kutoka shamba la mkonge hadi uani

Korogwe ilikuwa mahali pa asili pa gari la namna hii. Wilaya hiyo imezungukwa na mashamba ya mkonge kama Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, yenye barabara za udongo zinazopita katikati ya mistari ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna karibu tani 230,000 za singa za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Meneja wa shamba, bwana shamba, fundi wa mitambo na mganga wa zahanati wote walihitaji gari la kufika pale lori lisipofika.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa. Land Rover nazo zikawa mali ya umma, kama zile za serikali na mashirika mengine. Kwa miaka kadhaa magari haya yaliunganishwa hata nchini Kenya, katika kiwanda cha Thika, hivyo vipuri havikuwa mbali. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei ya mkonge, mashamba mengi yakaingia pori, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya mamlaka ya serikali yakabinafsishwa. Magari ya kazi yaliyochoka yalipigwa mnada. Mengine yaliangukia kwa wafanyabiashara, mengine kwa misheni, na mengine kwa wastaafu waliojua kila nati iliyomo ndani yake.

Ndiyo maana leo unaweza kukuta chini ya mwembe Land Rover yenye umri kuliko mwenye nyumba. Kuna zilizobaki mifupa, kuna zinazopanda milima ya Bungu na Vugiri zikiwa na viazi na abiria, na kuna chache zilizolala bandani, zimepanguswa vumbi, turubai lake likiwa zima.

Lakini barabara nazo zimebadilika. Kilometa 65 kati ya Korogwe na Handeni sasa ni lami, sawa na zile 54 za kutoka Mkata hadi Handeni mjini. Kwenye lami, Land Rover haiwezi kushindana na basi dogo wala Fuso: ni nzito, ni ya polepole, na inakunywa mafuta. Himaya yake imerudi nyuma hadi kwenye njia za ndani, kama zile za Kwamsisi, Kang'ata, Mashewa na Dindira, hasa wakati wa masika.

Gari moja, bei tatu

Mtu anayeulizwa bei ya Land Rover ya zamani anapaswa kwanza kuuliza: bei ipi?

Bei ya kwanza ni ya chuma chakavu. Mnunuzi wa vyuma hupima kwa kilo. Chesesi inakwenda na chuma, bodi inakwenda na aluminiamu, na mlango uliofunguliwa na mameneja watatu huishia kuyeyushwa na kuwa sufuria. Hii ndiyo bei ya chini kabisa, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotolewa haraka kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi huja mwenyewe hadi mlangoni na fedha taslimu.

Bei ya pili ni ya kazi. Hapa mnunuzi hajali gari lilitengenezwa mwaka gani wala rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Anataka kujua litabeba gunia ngapi, litakula lita ngapi, na likiharibika Sindeni fundi ataliondoa au halitatoka. Kwa mnunuzi huyu, gari lililobadilishwa injini na kuwekewa ya dizeli ya Kijapani ni bora kuliko lenye injini yake ya asili ya petroli.

Bei ya tatu ni ya ukumbusho. Mnunuzi wake ni mpenzi wa magari ya zamani, na anataka kinyume kabisa: injini ileile ya silinda 4 yenye ujazo wa cc 2,286, namba zinazolingana na kadi, usukani, viti na taa zake za asili. Bei hii huko Uingereza imepanda sana. Mwaka 2015 Defender iliyotengenezwa kuadhimisha gari la milioni 2 iliuzwa kwenye mnada jijini London kwa pauni 400,000, fedha zikaenda kwa hisani. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilianza kuzikarabati upya Series I 25 na kuwauzia wateja. Hapa nchini, Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lililovuta watazamaji kutoka ndani na nje ya nchi. Wapenzi wapo.

Ila soko la bei ya tatu haliko Mkata wala Mombo. Liko kwa watu wachache wa Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo, na mnunuzi mmoja anaweza kusubiriwa mwaka mzima. Mkulima anayelipa bei ya ukumbusho halafu akalipeleka gari kubeba mahindi, kila safari anakula kile alicholipia. Turubai litachanika, bodi itabonyea, kitanda kitakwaruzwa na majembe. Baada ya misimu miwili halitakuwa tena gari "lililotunzwa vizuri". Litakuwa gari la kazi lililonunuliwa kwa bei ghali.

Hesabu kabla ya kutoa fedha

Ili kuona jambo hili vizuri, tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko. Ni za kuonyesha njia, na kila mkulima anaweza kuweka za kwake.

Tuseme gari linauzwa shilingi milioni 12. Mnunuzi anatarajia safari 50 kwa mwaka, nyingi zikiwa miezi minne ya mavuno. Kila safari ni kilometa 80 kwenda na kurudi. Land Rover ya petroli ikiwa na mzigo hukimbia kilometa 5 hivi kwa lita, kwa hiyo safari moja inahitaji lita 16. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 48,000. Dereva na mpakiaji wakilipwa shilingi 22,000, gharama ya safari inafika 70,000.

Mapato je? Gari la inchi 109 lisizidishwe gunia 8 za kilo 100. Nauli ikiwa 10,000 kwa gunia ni shilingi 80,000. Likirudi na bidhaa za duka zenye nauli ya 40,000, safari nzima imeingiza 120,000. Inabaki 50,000. Mara 50, ni shilingi milioni 2.5 kwa mwaka.

Bado hatujagusa matengenezo. Matairi, oili, breki na mafundi vikichukua shilingi milioni 1.2, na bima na leseni 300,000, mwenye gari anabaki na milioni moja. Atahitaji miaka 12 kurudisha fedha yake, na hapo hakuna ekseli iliyovunjika. Kama alikopa milioni hizo 12 kwa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 2,160,000, zaidi ya mara mbili ya kile gari linachobakiza.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: safari ziwe 100 kwa mwaka, na matengenezo yapande hadi milioni 1.7. Kinachobaki ni shilingi milioni 3, na gari linajilipa kwa miaka minne. Au safari zibaki 50, lakini bei ya gari iwe milioni 4. Matokeo ni yaleyale.

Funzo la mfano huu ni kwamba gari la kazi hupangiwa bei na safari zake, hata kama rangi yake inang'aa namna gani. Mkulima ajiulize kwanza ana mizigo mingapi ya uhakika, yake na ya majirani, kisha arudi nyuma hadi kwenye bei anayoweza kulipa. Mahindi yake mwenyewe pia ayahesabu, kwa nauli ambayo angemlipa mtu mwingine. Wakulima watatu au wanne wa kijiji kimoja wakinunua pamoja, safari huongezeka na mzigo wa matengenezo hugawanyika, mradi tu wawe wameandikiana nani analipa nini gari likilala gereji.

Mahali pa kugonga na pa kusikiliza

Watu wengi huamini kwamba Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chesesi ni ya chuma, na ndiyo inayolibeba gari. Mnunuzi aingie chini na nyundo ndogo, agonge chesesi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Mahali pa kuangalia zaidi ni ule mhimili wa nyuma kabisa unaopita upande kwa upande, ambao hushikilia tope, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Rangi mpya nzito chini ya gari isimfurahishe mtu. Mara nyingi imepakwa kuficha.

Pale aluminiamu inapokutana na boliti za chuma, tazama kama kuna unga mweupe na malengelenge ya rangi. Huo ni ugonjwa wa metali mbili kulana, na tiba yake ni kukata na kuweka kipande kipya.

Kisha gari liendeshwe, tena kwenye mlima na si uwanjani. Gia ya pili ikiruka dereva anapoachia mafuta, gia boksi imechoka. Mtungo wa kishikio cha njano na ule wa chekundu ujaribiwe: wa kwanza huingiza magurudumu ya mbele, wa pili huingiza gia nzito za tope. Gari lisiloingia huko halina sababu ya kununuliwa na mtu wa Handeni, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee ambayo bado inaishinda Noah. Oili kidogo chini ya gari si ajabu kwa Land Rover. Oili nyingi kwenye vifundo vya ekseli ya mbele ni gharama inayokuja.

Turubai lisiwe kigezo kikubwa. Fundi mzuri wa turubai anaweza kushona jingine. Chesesi haishonwi.

Kadi kabla ya funguo

Magari ya umri huu yamepita mikono mingi, na mara nyingi karatasi zimebaki kwa mtu wa tatu nyuma. Namba ya chesesi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari, na kadi ilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kama injini ilibadilishwa, kadi inapaswa kuonyesha hivyo. Gari ambalo bado lina namba za zamani, za kabla ya mfumo wa herufi T na tarakimu tatu ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, linahitaji uchunguzi wa ziada kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni.

Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kauli ya mtoto mkubwa kwamba familia imekubali haitoshi. Kama jina ni la shirika au shamba lililokwishabinafsishwa, hati ya mnada lazima ionekane. Mkataba wa mauziano uandikwe, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA mara moja. Anayetaka kubeba mizigo au abiria kwa malipo atahitaji pia leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), pamoja na bima.

Muuzaji naye asijidhulumu

Upande wa pili wa biashara hii una hatari yake. Familia nyingi zilizorithi Land Rover huchukua moja ya njia mbili. Kuna wanaoliuza kwa kilo baada ya kuchoka kuliona limesimama. Na kuna wanaotaka kuongeza thamani, wakang'oa injini ya asili, wakaweka ya Kijapani, wakakata paa na kupaka rangi ya kumetameta. Wa kwanza wametupa bei zote mbili za juu. Wa pili wameongeza bei ya kazi kidogo, lakini wameua bei ya ukumbusho moja kwa moja.

Mwenye gari zima kweli, lenye vitu vyake vya asili, ana jambo moja la kufanya kabla ya kushika spana: aamue anamuuzia nani. Kama ni mpenzi wa magari ya zamani, asibadili chochote. Alioshe, alipige picha chesesi na namba zake, atafute karatasi zote hadi ile ya mnada wa kwanza, na atume taarifa Arusha na Dar es Salaam badala ya kungoja mteja wa gulioni. Asiharakishwe na mtu wa vyuma chakavu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hakijiuzi kama anayekihitaji hajui kipo.

Akilipata soko hilo, fedha yake inaweza kumnunulia gari la kazi lisilo na sifa yoyote, au pampu ya umwagiliaji bondeni, au ng'ombe wa kulimia, na ikabaki ya mbegu. Na mkulima wa Handeni anayetafuta usafiri wa masika aende kwa yule mwenye Land Rover iliyobonyea, yenye chesesi nzima na gia nzito zinazoingia, aijaribu kilimani, asome kadi, kisha atoe bei ambayo safari zake zinaweza kuilipa.